Jembe Langu Liko Wapi?

Sijui kama mtu mzima anaruhusiwa kununa kwa sababu ya sponji ya kuoshea vyombo, ila mimi nimenuna. Nimesharudi Dar, begi nimeshalifungua, zawadi nimegawa na waliokosa wameshanisema. Lakini kichwa bado kiko Istanbul, jikoni kwa yule mama wa Kadıköy.

Mnaofuatilia mnajua nilifikaje kwake. Sikulipia hoteli. Nilipitia Servas, ule mtandao ulioanzia Denmark mwaka 1949, vita kuu imetoka kuisha, wa watu walioamini kwamba ukilala kwa mtu na kula naye itakuwia vigumu kumchukia. Unahojiwa kwanza, unapewa barua ya utambulisho, na kwa kawaida unakaa kwa mwenyeji usiku mbili. Mgeni na mwenyeji hawalipani hela. Mama yangu aliposikia habari ya siku mbili alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe na Wazungu wanaijua ya jembe!"

Basi siku mbili zikaisha, wenyeji wakasema kaa bwana, unakimbilia wapi. Asubuhi ya siku ya tatu nikaamka mapema kulifuata jembe langu. Nikakunja mikono ya blauzi, nikasimama kwenye sinki. Vilikuwepo vile vibilauri vyao vya chai vilivyobanwa kiunoni, visahani vyenye sukari iliyolowa, na sahani za kifungua kinywa zimejaa kokwa za zeituni. Nikaishika sponji. Mama akaja na ndala zake za ndani, akaitoa mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akanionyesha kiti.

Binti yake ndiye mkalimani wetu. "Mama anasema ukae. Umetoka mbali."

"Mwambie sijachoka."

Hata hakumwambia. "Anajua," akasema.

Nikaletewa chai.

Ningeisahau, Wallahi. Lakini jioni ile ile akafika mgeni mwingine, msichana wa Kiitaliano mwenye begi kubwa kuliko yeye. Hata chakula cha usiku hakijashuka vizuri tumboni, namwona jikoni, kitambaa begani, anafuta vibilauri, anacheka na mama na lugha hawaelewani. Mimi niko sebuleni na chai nyingine.

Nimeigeuza kila upande. Kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, hata kwenye sendofu ya mdogo wangu Jumamosi (ilipendeza, picha zipo kwenye grupu la familia). "Anajua." Anajua nini? Kwamba sijachoka, au kwamba nadanganya? Nimewaza na lile lingine, ambalo mtu mweusi akisafiri huliwaza hata asipotaka: labda hakutaka mikono yangu kwenye vyombo vyake. Halafu nakumbuka kwamba huyo huyo, kila nikitoka matembezini, alinimiminia kolonya ya limau viganjani na kunisugulia kwa mikono yake mwenyewe. Kikombe changu cha kahawa nilichokwisha kukinywea alikigeuza juu ya kisahani, akasubiri kipoe, akachungulia mashapo na kuniambia anaona barabara ndefu na samaki. Mtu anayekuonea kinyaa hafanyi hivyo. Na mji mzima ulinipokea vizuri; kwenye pantoni ya kwenda Eminönü mzee nisiyemjua alinikatia nusu ya mkate wake wa ufuta ili niwarushie ndege. Sponji tu ndiyo niliyonyimwa.

Jumapili nikamweleza mama yangu, anachambua mchele. Hakuinua hata macho.

"Huyo Mwitaliano ana miaka mingapi?"

"Ishirini na kitu."

"Na wewe?"

Nikanyamaza.

"Ulimwonyesha picha za wanao?"

Nilimwonyesha. Mkubwa na sare zake za kidato cha nne.

"Haya. Mama wa watu kakupa heshima ya mtu mzima, wewe unalilia ya mtoto. Nipe hilo ungo."

Sijakubali moja kwa moja. Kwani sura yangu inasema nini jamani? Wiki nzima nauguza sponji, sasa nauguza umri. Ila nilicheka, na nilipocheka kinyongo kikapungua.

Halafu jana binti akanitumia picha. Ile khanga niliyowapelekea kutoka Mtaa wa Uhuru mama kaitandika mezani, maandishi kichwa chini, na juu yake bakuli la zeituni. Ilinifurahisha kuliko nilivyotegemea. Saa zao ni saa zetu, maana tangu 2016 Waturuki wameacha kurudisha saa nyuma majira ya baridi. Kwa hiyo saa tatu usiku, ninaposugua ukoko wa sufuria hapa Tabata, najua naye yuko kwenye sinki lake na hataki msaada wa mtu wa rika lake. Nimewaambia waje Desemba, wote wawili. Watoto watashuka chini kwenye godoro, feni ya sebuleni itahamia chumbani, luku tutajua mbele ya safari. Na mama yule asithubutu kugusa sufuria zangu. Siku ya tatu, ya nne, ya kumi, atakaa kwenye kochi anywe chai ya tangawizi mpaka aombe radhi.

Kama tutakuwa bado tuko hapa, lakini. Mwenye nyumba hajaja. Kodi ya miezi sita imeisha tangu mwanzoni mwa mwezi, na mzee yule mnamjua, huanza kupiga simu siku hazijafika. Safari hii mimi ndiye ninayempigia, na inaita tu. Jirani wa uani anasema juzi walikuja vijana wawili na futi kamba, wakapima kiwanja kutoka mwembe hadi getini, wakaandika, wakaondoka. Hakuwauliza wametumwa na nani.