CV ikianza kulia ushachelewa, angalia buti mapema

Naandika hii kwa sababu kuna kitu naona kinakula pesa za watu hapa Mombasa bila haja, nazo ni shafti za mbele, zile tunaita CV. Utamwona mtu gari inalia ka-ka-ka-ka kila akikata kona, anaenda nayo hivyo hivyo miezi, alafu siku inamwachia katikati ya daraja la Nyali saa ya watu kutoka kazini ndo anaanza kupiga simu za mafundi. Na jambo lote lilianza na raba ilopasuka, ile tunaita buti, raba ya mamia ya shilingi tu, saa hii anaulizwa maelfu.

Gari nyingi tunazoendesha huku, Vitz, Fielder, Axio, Probox, zinavutwa na tairi za mbele. Kila tairi ya mbele ina shafti yake inatoka gia boksi, na kila shafti ina jointi mbili, moja ndani kwa gia boksi na moja nje kwa tairi. Ya nje ndo yenye kazi ngumu, inazunguka huku imejikunja, ukimaliza usukani wote inajikunja nyuzi 40 na kitu na bado tairi lazima izunguke bila kurukaruka. Ndani yake mna gololi sita zinakimbia kwenye mifereji, mpango aloubuni injinia mmoja anaitwa Alfred Rzeppa mwaka 1926, na mpaka leo ndo huo huo uko chini ya Vitz yako. Ya ndani mara nyingi ni ya miguu mitatu yenye rola, inaingia na kutoka kidogo tairi ikipanda na kushuka. Zote mbili zinaishi kwa grisi, na grisi inashikwa na ile raba yenye mikunjo, buti.

Sasa fikiria buti inaishi vipi huku kwetu. Jua linaikausha, barabara za ndani za Kisauni na Mshomoroni mchanga mtupu na mawe, masika ikija unapita kwenye maji hujui chini kuna nini. Siku moja mkunjo unafanya ufa mdogo, tena mara nyingi ule mkunjo wa karibu na tairi ndo unaokunjwa sana, na kwa vile shafti inazunguka grisi inarushwa nje kidogo kidogo. Ikitoka hiyo, mchanga unaingia. Kwa hivyo kabla ya kusikia chochote wewe angalia. Kata usukani wote upande mmoja, zima gari, chuchumaa nyuma ya tairi na tochi ya simu. Ukiona ndani ya rimu pamepakwa weusi, na shoki na paipu ya breki zina matone meusi yamepangana mstari, hiyo ni grisi ya CV, hakuna kingine kinachochora hivyo. Tia kidole uisugue: ikiwa laini kama siagi una bahati, ukisikia chengachenga za mchanga kazi ishaanza kuharibika mle ndani. Fungua mikunjo kwa vidole pia, ufa mwingine umejificha katikati hauonekani mpaka uivute.

Mlio nao una maana yake. Jointi ya nje inalia ukikata kona na kukanyaga mafuta pamoja, kipilefti, au ukitoka parking usukani umekata wote, na inaharakisha kadri tairi inavyoharakisha. Tafuta uwanja wa wazi uzunguke pole pole kushoto alafu kulia, fanya na rivasi, mtu asimame nje asikilize. Mara nyingi ikilia ukikata kushoto ni ya upande wa kulia, kwa sababu hiyo ndo imebeba mzigo, lakini usiape, hakikisha kwa macho na kwa mkono. Jointi ya ndani hailii hivyo. Hiyo inatingisha gari ukikanyaga mafuta ukienda moja kwa moja, ukiachia inatulia. Wa Likoni mtaijua haraka, maji yakiwa yamekupwa mnatoka feri kupanda ile njia gari inatetemeka pua nzima, mkifika juu kwenye tambarare hamna kitu.

Na si kila mlio ni CV, hapa ndo watu wanaliwa. Jirani yangu mmoja, dada mwenye Vitz, aliambiwa shafti zote mbili zimekwisha anunue. Akaja kuniuliza, "Kaka, hebu iskize kwanza kabla sijatoa pesa." Tukaizungusha, kona zote kimya. Inagonga tu kwenye matuta. Ilikuwa link ya stebilaiza, kichuma cha pale kwa shoki kinachosaidia gari isilale kona, kitu kidogo kabisa, ikabadilishwa na gari ikanyamaza. Mlio wa kuvuma unaopanda na spidi, uuu, huo nao mara nyingi ni beringi ya tairi. Kwa hivyo ukiambiwa CV mwambie fundi, kwa heshima, nionyeshe. Fundi mzuri hakasiriki.

Kama buti imepasuka na jointi bado haijalia, usinunue shafti. Inatolewa, inaoshwa petroli, inakaguliwa, inatiwa grisi mpya na buti mpya. Kuna mzee fundi pale Bombolulu mie namwita ami, alinifungulia moja mbele yangu, akainamisha keji, ile ringi inayozishika gololi, akazitoa moja moja akazipanga juu ya gazeti, akanambia, "Mwanangu, pitisha ukucha hapa." Nikapitisha kwenye mfereji, ukucha ukakwama, pana kishimo pale gololi inapokaa siku zote. "Hii haiponi kwa grisi," akasema, "ukiifunga mteja atarudi." Na ndo hivyo, ikisha kulia chuma kishaliwa, ukisindilia grisi unaituliza tu. Wengine wanahamisha jointi ya kulia kwenda kushoto ili gololi zikandamize upande mwingine wa mfereji, na kwa kweli inanyamaza kwa muda, ila kwangu hiyo ni ya kumfikisha mtu nyumbani si ya kukaa nayo. Grisi pia iwe ile nyeusi ya CV yenye molibdenamu, si ya beringi.

Kununua, wengi tunachukua eks-Japani, zilizotumika huko Japani, bandari iko hapa hapa tuna bahati. Mie naona shafti iliyotumika ya kampuni yenyewe ni bora kuliko mpya ya bei rahisi isiyo na jina, lakini kunja jointi kila upande, isikwame wala kucheza, na buti bonyeza kote. Nenda na ya zamani mkononi uzilaze pamoja: urefu, meno ya pande zote mbili uyahesabu, na kama gari ina ABS, zile breki za kuzuia tairi zisikwame, angalia ile ringi ya meno. Kulia na kushoto mara nyingi urefu si sawa. Usikubali "hizi zote ni moja".

Kufunga sasa. Nati ya katikati ya tairi, inayoshika ncha ya shafti, Toyota nyingi ni soketi ya 30, ilegeze gari ikiwa chini tairi limegusa ardhi na mtu kakanyaga breki, ukiwa ushapiga jeki utahangaika na gari inaweza kukuangukia. Tia stendi, jeki peke yake usiiamini, tafadhali, watu wamekufa hivyo. Toa tairi, toa tairodi, chuma cha usukani kinachosukuma tairi, na boli jointi ya chini au zile bolti mbili za shoki, vuta habu nje, yaani kile kitovu tairi inapofungwa. Huku kwetu kwa chumvi hii meno ya shafti yanashikana na habu kwa kutu, rushia mafuta ya kulegeza usiku uliotangulia kama unaweza, alafu rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha ya shafti ndo ugonge, tena weka kipande cha mti. Ukigonga uzi mtupu unakufa. Usivute shafti kwa kati, jointi ya ndani itaachana, weka nondo kati ya jointi na gia boksi uichomoe hapo, na uwe na beseni maana mafuta ya gia yatatoka. Ukirudisha, sili ya mafuta ipake mafuta kidogo na uingize shafti taratibu isiikwaruze, saklipi, ile ringi ndogo ya waya kwenye ncha inayoizuia shafti isichomoke, iwe mpya, sukuma mpaka usikie imeingia tak, kisha vuta jointi yenyewe kwa mkono uone imeshika.

Nati kaza na toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Corolla za miaka ya 2000 zinataka 216 Nm, hiyo si ya kukisia kwa mkono, ikilegea beringi inakufa na ukizidisha pia inakufa, na gari usiisukume hata hatua moja nati ikiwa haipo. Alafu spliti pini, ile pini ya kuzuia nati isilegee, tia mpya kama gari yako inatumia. Mwisho ongeza mafuta ya gia boksi yalotoka, na uyajue ni yapi, Axio na Fielder nyingi za miaka ya karibuni gia boksi ni ya CVT, otomatiki ya mkanda isiyobadili gia kwa hatua, ukitia ATF ya kawaida, mafuta ya otomatiki za zamani, mle ndani utaitafuta shida kubwa kuliko ile uloitoa. Endesha, zunguka kona zote mbili usukani wote, na baada ya siku kadhaa chuchumaa tena na tochi uangalie kama sili inavuja au klipu ya buti imelegea. Ile shafti ya zamani baki nayo usimwachie mtu, kama iloharibika ni jointi ya nje tu, ya ndani bado nzima itakufaa au itamfaa mwenzako.