Daftari la mafuta ya taa lilivyonisaidia kuwanasa wachakachuaji

Miaka ile nikikagua vituo vya mafuta Kanda ya Kati, uchakachuaji ulikuwa biashara ya hesabu nyepesi. Mafuta ya taa yalitozwa ushuru wa shilingi 52 kwa lita, dizeli shilingi 314. Ukiyachanganya na kuyauza kwa bei ya dizeli, tofauti ya kodi inaingia mfukoni mwako. Gharama anaibeba mwenye lori: mafuta ya taa ni mepesi, hayailainishi pampu ya injini, na nozeli zinakufa mapema.

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010. Kinasaba huingizwa ghalani kwenye mafuta ya soko la ndani yaliyokwisha kulipiwa kodi. Kituoni tunapima kwa kifaa kama kiwango chake kimeshuka, maana kikishuka mafuta yamechanganywa na mengine yasiyo nacho. Kifaa ni kizuri, ila hakiwezi kuwa kila kituo kila siku, na habari za wakaguzi husafiri haraka kuliko gari lao. Ukifika Singida, Manyoni wameshajua.

Kwa hiyo nilianza na makaratasi. Kabla ya kugusa pampu naomba hati za kupokelea mzigo, kisha daftari la mauzo ya mafuta ya taa. Kituo kimoja kilikuwa kinashusha mafuta ya taa kila mara, na pampu yake ya taa imekaza kwa kutu. Nikamuuliza mhudumu, "Dada, taa mnauza saa ngapi?" Akacheka tu, akaniambia nimsubiri bosi. Bosi alipofika na salamu ndefu za "mzee wangu, karibu chai", sampuli ya dizeli ilikuwa tayari kwenye chupa zenye lakiri: moja ya maabara, moja ya kwake, moja ya akiba. Hiyo ya kwake ilinisaidia sana. Mtu mwenye chupa yake kabatini habishani na majibu ya maabara.

Tukawa tunapanga safari kwa kufuata madaftari, na tukanasa wengi zaidi kuliko tulipokuwa tunazunguka kwa kubahatisha.

Lakini niseme ukweli, kilichovunja mchezo ni bajeti ya 2011/12. Ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa hadi shilingi 400.30, wa dizeli ukashushwa hadi 215. Faida ya kuchanganya ikafa. Kama mkaguzi nilifurahi. Kama mtoto wa kijijini, sikufurahi sana, maana shangazi zangu wa koroboi ndio waliolipa, nao hawakuwahi kuchakachua hata kijiko. Nadhani serikali ingewatafutia nafuu nyingine kwanza.

Baada ya hapo wajanja walihamia mafuta ya transiti, yale yanayopita kwenda Kongo au Zambia bila kodi ya hapa, yakishushwa usiku njiani. Daftari la taa halikuniambia kitu tena. Huko nikategemea kinasaba: mafuta ya transiti hayawekewi, kwa hiyo tenki lililoyapokea kipimo chake kinashuka, hata kama hati zake ni safi.