Phoenix ya mstaafu: kek-kek imenyamaza

Hatimaye! Mliofuatilia mradi huu wa kuitengeneza baiskeli yangu ya Phoenix mnaujua ule mlio. Mguu wa kushoto ukishuka, kek. Nikikanyaga kwa nguvu kidogo, watu wa barazani wanageuka.

Mama watoto alishatoa hukumu: ni goti. Akaleta na mafuta ya karafuu. Nikampandisha mjukuu, goti lake halijafika hata darasa la saba, mlio ule ule. Kesi ya goti ikafutwa, ingawa mafuta napakwa mpaka leo.

Pedeli nilishabadilisha. Gololi za ekseli ya kati mpya, grisi mpya, vikombe vimekazwa. Kek. Nilifika mahali nikataka kuitupa baharini pale Raskazone, hapa Tanga, nirudi nyumbani kwa miguu.

Kilichonifumbua macho ni hiki: niliushikilia mkono wa pedeli wa kulia usitikisike, nikausukuma wa kushoto mbele na nyuma. Wa kulia umetulia tuli, wa kushoto unacheza. Hapo gololi hazina kesi. Ni kotapini, ile pini inayobana mkono wa pedeli kwenye ekseli.

Lakini kotapini yenyewe ilikuwa mpya! Dukani niliambiwa, "Mzee wangu, hii inaingia baiskeli zote." Nimefundisha fizikia mpaka nikafikisha miaka 60, kwa hiyo kalipa ya vernia, kile kifaa cha kupimia unene, haikosekani kabatini. Pini milimita 9.0. Tundu 9.5. Nusu milimita ndiyo iliyonikosesha raha muda wote ule. Nati ukiikaza unadhani imeshika, kumbe nati haibebi mzigo, inaizuia pini isirudi nyuma tu. Kinachobeba ni ule ubapa wa pini ukilalia ekseli.

Ya 9.5 niliipata Ngamiani, kwa fundi mwenye kopo la vyuma vya tangu enzi. Akanipa na onyo: "Shikamoo mwalimu, ila usiigonge hivi hivi, ipige tupa kwanza." Hiyo ndiyo kazi iliyonimaliza. Nilipaka ubapa masizi ya kibatari, nikaigonga kidogo, nikaitoa, nikatazama masizi yamefutika wapi. Mara ya kwanza yalifutika upande mmoja tu, alama nyembamba kama ukucha. Nikapiga tupa hapo hapo, nikapaka tena. Unarudia mpaka masizi yafutike ubapa wote. Ukiwa na haraka, nenda kacheze bao.

Kugonga nako kuna adabu yake. Simamisha kipande cha bomba la chuma chini ya mkono wa pedeli, kikae sakafuni, ili nyundo isiende kuumiza gololi. Na tafadhali, spana malaya weka mbali. Nati hizi ni ndogo, itakula pembe zake zote. Spana namba 10 ya kawaida inatosha. Tupa nunua nzuri, usibanie hela; hizi za bei rahisi zinateleza juu ya chuma bila kukikwaruza.

Nimeipeleka mpaka sokoni, nimerudi, nimekaza nati tena (lazima ilegee kidogo safari ya kwanza). Kimya.

Wenzangu niliostaafu nao wengi wamefuga kuku, na kila nikikutana nao habari ni kideri na bei ya chakula. Mimi kliniki nilitajiwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani, walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Makorora hadi Raskazone na kurudi, baada ya swala ya alfajiri, zinatimia bila kuangalia saa. Tanga hii barabara zimenyooka na baiskeli zimejaa, hakuna anayekushangaa mzee ukiwa juu ya kiti.

Ratiba ilisema sasa ni kupaka rangi fremu, kisha kwenda Mapango ya Amboni, kilometa kama 8 kwa barabara ya Horohoro. Amboni ipo pale pale. Rangi isubiri, kwa sababu jirani kaniletea rimu iliyopinda vibaya, na nimeona uma wa baiskeli wa zamani ukichomelewa kwenye bamba zito unatoa stendi safi ya kupangia spoku. Uma ninao. Bamba natafuta, mwenye kipande cha unene wa milimita 6 asikitupe.