Siku ya Mizani Regent's Park

Pengwini hapimwi kwa kukamatwa. Ukimkamata atakuuma, atakupiga bawa, na kesho yake akiona ndoo mkononi mwako atakwenda upande wa pili wa bwawa. Mizani hutandazwa njiani, pale anapopita mwenyewe kufuata samaki, na hukaa hapo ikiwa imezimwa kwa siku nyingi mpaka aikanyage kama anavyokanyaga mchanga. Ndiyo maana Agosti ile ya 2015, siku ambayo bustani ya wanyama ya London, iliyomo Regent's Park, hupima uzito na vimo vya wanyama wake mbele ya waandishi wa habari, kazi ngumu ya pengwini ilikuwa imeshamalizika kabla ya kamera hata moja kuingia getini.

Nilikuwa pale kwa mafunzo, na nilikabidhiwa ubao wa kuandikia na kalamu ya risasi. Si ya wino: maji ya samaki hufuta wino, na nusu ya namba za asubuhi zingekuwa madoa ya buluu kabla ya saa nne.

Pengwini wa London ni Humboldt, ndege wa pwani za Peru na Chile ambaye uzito wake ni kilo 4 hivi. Kila mmoja huvaa bangili yenye alama kwenye shina la bawa. Mtunzaji mmoja hukaa na ndoo upande wa pili wa mizani, mwingine husoma bangili, wa tatu huandika. Shida ni kwamba pengwini hawapangi foleni. Wanapanda wawili, watatu, na namba inayosomeka haina maana yoyote. Dawa yake ni kumtupia samaki aliye nyuma, kusubiri wa mbele abaki peke yake, kusoma namba ikishatulia, kisha kuangalia kama mizani imerudi kwenye sifuri. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo husahauliwa. Kinyesi kimoja cha pengwini na maji yaliyodondoka vinaongeza gramu kadhaa, na ndege wa kumi ataonekana amenenepa wakati ni uchafu wa wenzake tisa.

Samaki nao wana mambo yao. Ni samaki wadogo jamii ya dagaa, waliogandishwa kisha kuyeyushwa, na samaki wa aina hiyo hupoteza vitamini B1 wakiwa kwenye barafu, kwa kuwa ndani ya nyama yao mna kimeng'enya kinachoiharibu. Ndege anayelishwa samaki wa friji bila nyongeza huishia kupata matatizo ya neva. Kwa hiyo kidonge hupachikwa chini ya shavu la samaki, na samaki hupewa ndege akitanguliza kichwa, maana akimezwa kwa mkia mapezi hukwama kooni.

Pale uzioni alisimama mama mmoja wa makamo aliyevaa buibui, na mjukuu begani. Alinisikia nikihesabu kwa Kiswahili chini kwa chini.

“Mwanangu, mwampima wa nini ndege huyo?”

“Shikamoo, mama. Twaangalia kama yu mzima.”

“Marahaba. Si mumtazame tu?”

Swali zuri, na jibu lake ndilo lililokuwa kiini cha siku nzima. Mnyama pori haonyeshi ugonjwa mpaka umemzidia, kwa sababu kule alikotoka anayeonyesha udhaifu huliwa. Manyoya huficha kifua kilichokonda. Jicho la mtunzaji anayemwona kila siku ndilo la mwisho kugundua, maana mabadiliko huja kidogo kidogo. Mizani haizoei sura ya mtu.

Lakini mizani nayo inahitaji mtu anayejua kusoma kalenda. Humboldt hubadilisha manyoya yote mara moja kwa mwaka, na kwa Uingereza ni majira hayo hayo ya kiangazi. Kabla ya hapo hula kupita kiasi, kisha kwa wiki mbili au tatu haingii majini wala hali, kwa sababu manyoya mapya hayajakamilika kuzuia maji. Ndege wawili wa bangili tofauti wanaweza kupishana zaidi ya kilo nzima Agosti ileile na wote wakawa wazima. Kwa hiyo kando ya kila namba tuliandika hali ya manyoya: hajaanza, yupo katikati, amemaliza. Karatasi yenye namba peke yake ingekuwa bure.

Ufukwe wa kutengenezwa wanakoishi pengwini hao ulifunguliwa 2011. Bwawa lao la zamani bado lipo, lile lililosanifiwa na Berthold Lubetkin la 1934, lenye ngazi mbili za zege zinazozungukana hewani. Wasanifu majengo husafiri kutoka mbali kuja kulipiga picha, na kwa kweli ni zuri. Ila pengwini walihamishwa 2004 baada ya kupata vidonda na maambukizi nyayoni, na lawama iliangukia zege lililokuwa likiwakwaruza. Jengo limewekwa kwenye daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa kisheria, kwa hiyo halibomolewi wala halibadilishwi ovyo. Linabaki limesimama bila mpangaji.

Jirani yake katika historia ni nyumba ya twiga, na yenyewe ina hadithi kinyume kabisa. Bustani ilifunguliwa tarehe 27 Aprili 1828 kwa wanachama wa Jumuiya ya Zoolojia ya London peke yao. Watu wa kawaida waliruhusiwa kuingia 1847. Twiga wanne wa kwanza walifika Mei 1836. Walikamatwa Kordofan, Sudan, wakapitishwa Malta, na kutoka gatini walitembezwa kwa miguu katikati ya jiji pamoja na wachungaji wao kutoka Bonde la Nile. Msanifu majengo Decimus Burton aliwajengea nyumba yenye milango ya kimo cha karibu mita 5, na Agosti ile ya 2015 twiga walikuwa bado humo. Hakuna ujanja mkubwa: Burton alianza na urefu wa mnyama, mapambo yakafuata. Ndama wa kwanza alizaliwa 1839, hakudumu.

Kumpima twiga kimo ni kazi ya rula na subira. Rula ndefu yenye alama kubwa za sentimita hufungwa kwenye nguzo, matawi yenye majani hutundikwa kando yake, na twiga huja kula. Msomaji asisimame chini ya rula. Ukitazama kutoka chini kwenda juu, ncha ya pembe inaangukia alama isiyo yake na unapata namba ya uongo. Rudi nyuma mita kumi au zaidi, na kama kuna ngazi ya watunzaji, panda. Mtego wa pili ni shingo yenyewe: akinyoosha kufikia tawi la juu anaongeza kimo ambacho hana. Tulisubiri atafune akiwa ametulia, tukasoma mara tatu, tukaandika ile ya katikati.

Kwa nini msimlaze tu? Waandishi waliuliza hilo. Kumlaza twiga kwa dawa ya usingizi ni hatari kubwa. Shinikizo lake la damu ni la juu mno, ni mcheuaji anayeweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni, na akianguka vibaya shingo inavunjika. London ina kumbukumbu yake chungu ya dawa ya usingizi, ingawa si ya twiga: Guy, gorila aliyeletwa akiwa mtoto tarehe 5 Novemba 1947 na kupendwa na kizazi kizima cha Waingereza, alikufa 1978 kwa mshtuko wa moyo akiwa kwenye upasuaji wa meno. Uzito sahihi ndio msingi wa kipimo cha dawa. Ukikisia, unakisia na uhai wa mnyama.

Gorila dume wa zama zetu aliitwa Kumbuka. Mwaka uliofuata, Oktoba 2016, alipita milango miwili ambayo haikufungwa, akaingia chumba cha watunzaji na kunywa lita 5 za sharubati ambayo haijatiwa maji, kisha akatulizwa kwa sindano na kurudishwa. Waliompiga sindano ile walihitaji kujua kilo zake, na walizijua.

Wengine niwapitie haraka. Kima wadogo wa Bolivia hupanda mizani kwa ajili ya tunda, wote kwa pamoja, na mama mwenye mtoto mgongoni huandikwa hivyo hivyo mpaka mtoto ashuke. Chui-milia husimama kwa miguu ya nyuma kufikia nyama iliyofungwa juu ya rula, nyuma ya wavu. Buibui hutiwa kwenye kikopo ambacho uzito wake umeshaondolewa. Kobe wa Galapagos hutembea mwenyewe hadi juu ya mizani, na jambo pekee la kufanya ni kuwa na muda.

Namba zote ziliingizwa kwenye mfumo wa kompyuta ambao zaidi ya bustani elfu moja duniani huutumia, ili daktari wa Prague mwenye pengwini wa umri uleule aweze kulinganisha. Binafsi nilivutiwa zaidi na mzee wa mfumo huo: madaftari ya matukio ya kila siku, yaliyoandikwa tangu 1828, nani kaingia, nani kazaliwa, nani kafa. Humo mlipita kwaga jike wa London (kwaga ni aina ya punda milia iliyokwisha kutoweka), aliyekufa 1872, kwaga pekee duniani aliyepigwa picha akiwa hai. Wa mwisho kabisa alikufa Amsterdam tarehe 12 Agosti 1883, na wakati ule hakuna aliyetambua kwamba ndiye wa mwisho.

Jioni tulipitia karatasi za pengwini mmoja mmoja. Bangili moja ilikuwa na uzito mdogo kuliko mwaka uliopita, na kando yake niliandika “hajaanza”. Ndege ambaye hajaanza kubadilisha manyoya alitakiwa awe mnene. Mtunzaji mkuu aliizungushia duara, akampigia daktari simu, na kuagiza apimwe tena alfajiri, kabla ya samaki.