Sekunde 168 kabla ya kukimbia

Jamani, jana nimemaliza marathoni ya kumbukumbu ya Oklahoma City, kilomita 42, na miguu bado inawaka moto. Lakini kilichonigusa zaidi kilitokea kabla hatujapiga hatua hata moja. Maelfu ya wakimbiaji tulisimama kimya kwa sekunde 168, sekunde moja kwa kila mtu aliyeuawa na bomu lililolipua jengo la serikali hapa mjini Aprili 19, 1995. Kumi na tisa kati yao walikuwa watoto. Dada aliyesimama mbele yangu alikuwa amebandika mgongoni jina la mama yake. Machozi yalinitoka.

Njiani kuna mabango yenye majina ya marehemu, na nilijitahidi kusoma kila moja nililopita. Kile kilima cha Gorilla Hill kinapanda kwelikweli, msidanganywe kwamba Oklahoma yote ni tambarare! Wenyeji hujaa barabarani na watoto wao, wanakupa maji, wanakushangilia kama ndugu yao.

Mimi mtoto wa Nairobi niliwakumbuka pia wetu waliouawa na bomu la ubalozi wa Marekani Agosti 7, 1998. Wakenya wenzangu mlio huku Marekani, mwakani njooni tukimbie, hata nusu marathoni.