Majivu ya matawi ya mwaka jana

Leo Jumatano ya Majivu nimepitia Basilika ya Familia Takatifu kabla ya kazi, foleni imefika mlangoni. Mbele yangu mama mmoja amebeba mtoto mgongoni. Padri alipompaka majivu, mtoto naye akachomoza kichwa kwenye leso, akapakwa, akatulia tuli.

Majivu haya hutokana na matawi ya Jumapili ya Matawi iliyopita. Siku ile nilishika tawi langu nikiwa sina kazi, na jumuiya yetu ya Kayole ndiyo iliyonilipia kodi miezi miwili, bila hata kuniuliza nitarudisha lini. Asanteni sana, ndugu zangu. Mungu awazidishie.

Siku 40 za Kwaresima zimeanza. Jumamosi jumuiya inasali kwangu, karibuni.