Klachi Iliyopakwa Rangi

Shaaban ya mwaka 2018 masika yalikuwa yamepamba moto, na kama ilivyo ada huku kwetu Malindi, kila mwenye harusi alitaka amalizane nayo kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Mimi na mama tulikuwa tukipikia watu shughuli: pilau, biriani, na viazi karai kwa wanaotaka vya pembeni. Siku hiyo tulikuwa na walima Mambrui. Nyuma ya gari, Toyota stesheni wagoni ya gia za mkono, mlijaa sufuria kubwa, magunia ya mchele na beseni za nyama iliyokwisha kukatwa. Mama alikaa mbele akiwa amepakata bakuli la bizari, kwani bizari zake hamwachii mtu.

Ukishavuka daraja la Sabaki, barabara inapanda. Si kilima cha kutisha, wenye baiskeli wanakipanda wakiwa na madebe ya maji. Nilirudisha gia kutoka ya tatu hadi ya pili, nikakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, gari likabaki na mwendo wake ule ule, kisha likaanza kupungua. Nikakanyaga zaidi. Kelele zikazidi, mwendo ukaisha. Nyuma yangu matatu ya Gongoni inapiga honi, abiria wamechungulia madirishani.

Mama alinusa hewa, akanigeukia.

"Umeacha nini motoni?"

"Hamna, mama. Ni gari."

"Mbona injini yalia na gari haliendi?"

Harufu ya klachi inayoungua ukishaijua huisahau. Ni kali, inakaa kooni, inaingia hadi kwenye lesso. Vijana waliokuwa wakichota mchanga chini walikuja kutusukuma hadi ukingoni, mmoja akaweka jiwe nyuma ya gurudumu bila kuambiwa. Nilitaka kusubiri ipoe nijaribu tena. Mama hakutaka kusikia. Gari litangoja, alisema, nyama haingoji. Akasimamisha tuktuk mbili, akasimamia upakiaji mwenyewe, akaondoka na bizari mapajani. Nauli ilikuwa shilingi 800 za Kenya kwa zote mbili. Walima ulipikwa, watu wakala, nasikia pilau lilisifiwa. Mimi sikuliona hata punje.

Nililetwa mjini na lori la chumvi lililokuwa likitoka Gongoni. Dereva alianza na 3,500.

"Kaka, hapa na Malindi ni pua na mdomo."

"Dada, hapa na Malindi kuna polisi."

Tulikubaliana 2,000. Akafunga kamba, akaniambia niiache injini iwake nikiwa nutro, maana injini ikizimwa breki zinakuwa nzito, na yeye akifunga breki ghafla nitaingia chini ya chumvi yake. Ushauri huo ulikuwa wa bure na ndio ulioniokoa, kwa kuwa pale darajani alikutana na ng'ombe.

Kilichoniuma kuliko kamba ni kwamba klachi ile haikuwa na muda. Mwanzoni mwa mwaka uo huo fundi mmoja alikuwa ameniwekea kile alichokiita seti mpya, kazi na vifaa 9,500. Nikalipa, nikaendesha. Malindi ni tambarare. Klachi inayoteleza inaweza kujificha mjini miezi na miezi, unaenda sokoni unarudi, unaenda Watamu unarudi, hujui kitu mpaka ukutane na mwinuko ukiwa na mzigo. Niliwahi kumwambia kwamba injini inalia zaidi kuliko zamani. Akanijibu kwamba ni mpya, itazoea.

Mjomba ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja wa Maweni mwenye gereji chini ya mwarobaini. Mjomba alikuja kwa sababu anaamini fundi akimwona mwanamke peke yake bei huota mbawa. Lakini mzee yule alimpa mjomba kiti, kisha akazungumza na mimi.

"Mwanangu, ilianzaje?"

Nikamweleza. Hakufungua hata boneti. Aliingia, akavuta handibreki, akatia gia ya tatu, akaiachia klachi. Kwa klachi nzima injini inatakiwa ijinyonge izime pale pale. Ikaendelea kunguruma kama kwamba hakuna aliyeigusa. Akazima, akatoka, akafuta mikono.

"Imekwisha. Ila sijajua imekwishaje. Nitajua nikishusha giaboksi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini klachi ni ghali kuliko vyuma vyake. Kitu chenyewe ni kisahani. Kimekaa katikati ya injini na giaboksi, na hakuna kidirisha cha kukichungulia. Betri itoke, sahani yake itoke, shafti za magurudumu mawili ya mbele zichomolewe, oili ya giaboksi imwagwe, injini itundikwe, mikono ya giaboksi ifunguliwe, ndipo vijana wawili walale chini walipokee lile zigo kifuani. Ukimaliza unarudisha vyote kinyumenyume. Kwa hiyo ukishafungua, akasema mzee, usitoe sahani ya klachi ukaacha bearing yake, ile inayoisukuma klachi ukikanyaga pedali, kwa kuwa bado inazunguka. Bearing ikifa baada ya miezi miwili utalipa kushusha upya, na kushusha ndiko kunakolipwa.

Aliniita jioni kuja kuona. Kwenye gunia alikuwa amepanga vipande. Sahani ya klachi ilikuwa nyeusi, inang'aa, na nilipoigusa vidole vilitoka na mafuta. Ule utando mgumu unaoshika chuma ulikuwa umelika hadi vichwa vya ribiti vinakaribia kutokeza. Kisha akachukua presha pleti, chuma kinachoikandamiza ile sahani, yenye rangi ya fedha safi kabisa, akaikwaruza kwa bisibisi. Rangi ikatoka maganda. Chini yake kutu, na chini ya kutu madoa ya bluu ya chuma kilichowahi kupata moto mkali zamani.

"Hii imepigwa sprei," akasema. "Mpya haipakwi rangi juu ya kutu."

Mjomba akaguna. Mimi nilinyamaza, nahesabu 9,500 yangu.

Mzee akataka nielewe mafuta yametoka wapi. Akaniambia nikunjue viganja, nivikandamize pamoja, kisha akajaribu kukivuta kimoja. Hakikutoka. Akachovya kidole kwenye oili chafu, akanipaka katikati, akavuta tena. Kiganja kikateleza bila kazi. Injini ni kiganja kimoja, giaboksi kingine, na unapokanyaga pedali ya klachi ndipo unapovitenganisha. Nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalozungushwa na injini, pale shafti ya injini inapotokea, kuna oili sili, mpira mviringo wa kuzuia oili isitoke. Wangu ulikuwa umekakamaa na kupasuka. Ulikuwa ukivuja tone kwa tone juu ya klachi hata hiyo ya rangi. Yule wa kwanza alifika pale, aliona, akafunga. Kubadilisha sili ni kuitoa flaiwili, na kutoa flaiwili ni kazi ya ziada ambayo hakuipigia hesabu.

Nilinawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga. Bado ilinuka oili nilipokula usiku.

Spea tuliagiza Mombasa. Malindi kulikuwa na seti iliyotumika kwa 5,000, na mjomba aliipenda kwa sababu ya bei. Mzee hakuikataa, alisema tu kwamba ya kutumika hakuna ajuaye imetumika kiasi gani, na kwamba yeye hatashusha giaboksi bure ikigoma. Nikachagua mpya: sahani, presha pleti na bearing, 8,500, ikapakiwa kwenye matatu kama kifurushi kwa 300, tukaipokea stendi imefungwa boksi lake na plastiki yake. Sili 650. Flaiwili ilikuwa na michirizi ya moto, ikapelekwa kwa fundi wa leithi ikachongwa hadi ikawa sawa, 1,500. Oili ya giaboksi 1,400, kwani ile ya zamani ilishamwagwa na haikufaa kurudishwa. Kazi yake mzee alitaka 4,000, akapokea 3,500 baada ya mjomba kumkumbusha kwamba walisoma chuo kimoja cha Kurani. Sijui kama ni kweli. Mzee alicheka, hakukana.

Jumla ikawa 15,850. Weka kamba ya lori na tuktuk, 18,650. Walima wote wa Mambrui, baada ya kutoa gharama, ulikuwa umetuachia 12,000, na hizo ni za mama na mimi. Iliyopungua niliipata kwenye chama: zamu haikuwa yangu, nikabadilishana na jirani, naye hadi leo ananikumbusha wema wake kila tukionana.

Kwa yule fundi wa kwanza nilienda nikiwa na presha pleti ndani ya mfuko. Nikaiweka juu ya meza yake, upande uliokwaruzwa juu. Aliitazama kama mtu anayetazama picha ya mtoto asiye wake.

"Dada, spea haina garantii. Halafu wewe wabeba mizigo sana."

"Spea mpya haina kutu pia."

Alidai aliuziwa hivyo hivyo dukani. Huenda, wanadanganyana wao kwa wao kabla hawajafika kwetu. Lakini ile sili aliiona kwa macho yake, na hilo hakuwa na wa kumsukumia. Mjomba alipotaja chifu, tukakubaliana arudishe 2,000 za kazi. Elfu moja iliingia kwa M-Pesa wiki ile ile. Ile nyingine aliapa ataituma Idi, na kosa letu hatukumwuliza Idi ipi.

Gari lilipotoka, pedali ilikuwa nyepesi na ilishika chini, karibu na sakafu. Mzee alinionya nisilibebeshe mzigo mzito siku za mwanzo, na nisiegemeze mguu juu ya klachi kwenye foleni. Foleni ya Malindi ni tuktuk tatu na punda, lakini niliitikia.

Mama hakusema neno kuhusu gharama mpaka alipopigiwa simu na mtu wa Watamu aliyetaka biriani ya akika. Akatoa daftari lake, akaandika mchele, nyama, kuni, wapishi, na chini yake, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi hiyo, akaandika "usafiri 1,500". Mteja akalalamika. Bi mkubwa, si mtapewa chakula na mfuko wa nyama wa kurudi nao nyumbani?

"Tutakula, ahsante," mama akasema. "Klachi haili biriani."

Akalipa.